Bawa Lisilo na Bawaba: Kisa cha Gulfstream III Iliyoruka na Flapu Zinazopinda

Tarehe 6 Novemba 2014, ndege aina ya Gulfstream III iliruka kutoka kambi ya jeshi la anga ya Edwards, kwenye jangwa la Mojave huko California. Ni ndege ya injini mbili, ya zama za matajiri wa miaka ya 1980, ambayo NASA iliigeuza kuwa maabara ya kuruka. Flapu zake mbili za alumini, yaani vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, kila moja na urefu wa karibu mita 5.8, zilikuwa zimeng'olewa. Mahali pake zilifungwa flapu zisizo na bawaba, zisizo na reli, zisizo na mwanya wowote kati yake na bawa. Ngozi ya bawa ilienda moja kwa moja hadi ukingo wa nyuma, na pale ilipotakiwa kushuka, ilipinda.

Mradi uliitwa ACTE, kifupi cha Kiingereza cha "ukingo wa nyuma unaopinda na kujirekebisha". NASA iliufanya pamoja na maabara ya utafiti ya jeshi la anga la Marekani, na flapu zenyewe zilitengenezwa na FlexSys, kampuni ndogo ya mjini Ann Arbor, Michigan. Ndani ya miezi sita, hadi Aprili 2015, ndege ilikuwa imeruka mara 22 kwa majaribio, flapu zikiwekwa katika pembe mbalimbali, kuanzia digrii 2 juu ya usawa wa bawa hadi digrii 30 chini yake.

Habari zikaenea kwamba NASA imerusha bawa linalobadilika umbo. Ni kweli, ila kuna jambo moja ambalo taarifa nyingi zililipita mbio: katika kila safari flapu zilifungwa kwenye pembe moja kabla ndege haijaondoka, na zikabaki hivyo mpaka ilipotua. Zilitengenezwa ziweze kupinda zikiwa angani. Angani hazikupindishwa. Kisa hiki chote nakisoma kupitia uamuzi huo, maana ndani yake mna kilichothibitishwa, kisichothibitishwa, na sababu ya wewe kutowahi kupanda ndege ya abiria yenye flapu za namna hii.

Bawa moja, kazi nyingi

Aliyewahi kukaa dirishani nyuma ya bawa anazijua flapu hata kama hajui jina lake. Ndege inapokaribia kutua, mota zinanguruma chini ya sakafu, kipande kirefu cha nyuma ya bawa kinateleza kutoka, kinashuka, na mianya inafunguka kiasi cha kuona mapaa ya nyumba kupitia katikati yake. Kazi yake ni kuliongezea bawa nguvu ya kunyanyua ndege inapokwenda polepole. Baada ya hapo hurudishwa ndani, na kwa saa zote za safari bawa hubaki na umbo lile lile.

Tatizo linaanzia hapo. Msanifu huchonga bawa ili likate hewa vizuri zaidi kwa uzito fulani, kasi fulani na kimo fulani. Nje ya hapo bawa linafanya kazi, lakini kwa gharama. Chukua Boeing 787-8, ambayo wengi wetu tumeipanda kwa Kenya Airways au Air Tanzania. Inaruhusiwa kuondoka na uzito wa tani karibu 228, na matangi yake yakijaa yanabeba mafuta ya tani kama 100. Katika safari ndefu kweli, ndege inayotua ni nyepesi kwa zaidi ya theluthi kuliko ile iliyoondoka. Bawa lililokuwa sawasawa saa ya pili ya safari linakuwa kubwa kupita mahitaji saa ya kumi na mbili. Rubani hupanda juu zaidi kadiri ndege inavyopungua uzito, na hilo linasaidia, lakini haliwezi kufuta tofauti yote.

Kama ungeweza kuongeza au kupunguza mkunjo wa bawa kidogo kidogo, digrii moja hapa, nusu digrii pale, na ikiwezekana upande wa karibu na kiwiliwili upinde tofauti na upande wa nchani, ungelisogeza bawa karibu na ubora wake kila wakati. Hapo ndipo mafuta yanapookolewa. Haja ni ya mienendo midogo, inayofanyika kwa saa nyingi, wala si ya mkunjo mkubwa wa kutisha.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko flapu. Ndugu wawili wa familia ya Wright, mwaka 1903, walielekeza ndege yao kwa kuyasokota mabawa ya mbao na kitambaa kwa kamba. Kasi ilipoongezeka mabawa yalilazimika kuwa magumu, na usokotaji ukaachwa. Bawaba zikashika nafasi. Kati ya 1985 na 1988, hapo hapo Edwards, NASA na jeshi la anga walirusha ndege ya kivita F-111 ambayo Boeing iliitengenezea mabawa yenye ngozi ya juu inayopinda, ya faiba, nyenzo ya ukoo mmoja na ile ya boti zetu za faiba. Bawa lilipinda kweli, tena angani. Lakini ndani yake kulijaa mikono ya chuma, viungio na haidroliki za kuisukuma ngozi hiyo, na uzito pamoja na ugumu wa mitambo vikawa mzigo. Wahandisi waliondoka na data nzuri, na wasanifu wa ndege za abiria hawakulichukua.

Laini na ngumu kwa wakati mmoja

Ugumu wa jambo hili unaelezeka kwa sentensi moja. Ngozi ya bawa inatakiwa iwe laini ili ipinde, na ngumu ili upepo usiipindishe.

Si mchezo wa maneno. Ndege ikienda kwa kasi ya robo tatu ya kasi ya sauti, hewa inaisukuma na kuivuta ngozi ya bawa bila kuomba ruhusa. Ngozi laini itavimba juu, itabonyea chini, na kwa bahati mbaya zaidi itaanza kutetemeka kwa namna inayojiongezea yenyewe hadi kitu kikatike. Ngozi ngumu itatulia, lakini itahitaji nguvu kubwa kuipinda, na nguvu kubwa maana yake ni mota kubwa, yaani uzito, yaani mafuta yale yale uliyotaka kuyaokoa.

Kompositi zinasaidia kwa sababu ugumu wake una mwelekeo. Alumini ni ngumu sawasawa pande zote. Kompositi ni matabaka ya nyuzi yaliyoshikwa na gundi ya resini, na mtengenezaji huamua kila tabaka lilale upande gani. Ukizilaza nyuzi nyingi kufuata urefu wa bawa, ngozi inakuwa ngumu kwa urefu na inakubali kupinda kutoka mbele kwenda nyuma. Hata aina ya uzi ina usemi. Uzi wa kaboni ni mgumu sana, lakini ukivutwa kwa asilimia 1.5 au 2 ya urefu wake unakatika. Uzi wa kioo si mgumu kiasi hicho, ila unavumilia kuvutwa zaidi. Anayetaka kitu kipinde mara maelfu hafikirii kaboni peke yake.

Wengi hutarajia jibu litoke kwenye nyenzo janja, zile zinazojibadilisha zenyewe. Zipo, na zina mahali pake. Kauri za piezo hurefuka zikipitishiwa umeme, haraka ajabu, lakini kwa kiasi cha kama sehemu moja katika elfu ya urefu wake. Aloi ya nikeli na titani, iitwayo nitinoli, inaweza kupindwa, kisha ikipashwa moto ikarudi kwenye umbo lake la mwanzo kwa nguvu kubwa mno kulinganisha na uzito wake. Shida yake ni subira: kuipasha ni rahisi, kuipoza ni kusubiri.

Boeing iliitumia vizuri mwaka 2005, kwenye 777-300ER ya All Nippon Airways iliyofanyiwa majaribio Glasgow, Montana. Ukingo wa nyuma wa kasha la injini ulikuwa na meno ya pembetatu ya kompositi, na kila jino lilibebeshwa vipande vya nitinoli. Wakati wa kuondoka meno yaliinama kuelekea ndani ya mkondo wa hewa ya injini ili kupunguza kelele. Juu, kwenye baridi, yalinyooka ili yasile msukumo wa injini. Kazi hiyo haina haraka: jino likichukua dakika kunyooka, hakuna anayeumia. Mwaka 2017 NASA ilitumia aloi za jamii hiyo kukunja ncha za mabawa ya ndege ndogo isiyo na rubani, PTERA, hadi digrii 70 juu na chini. Ni jambo la kupendeza kulitazama, na tena ni jambo linalokubali taratibu.

Flapu ya ndege kubwa haikubali taratibu. Ndiyo maana katika kisa cha ACTE hakuna nyenzo ya ajabu iliyofanya kazi ya kusukuma. Sridhar Kota, profesa wa uhandisi mitambo katika Chuo Kikuu cha Michigan na mwanzilishi wa FlexSys, aliuliza swali la upande mwingine: kwa nini tusitumie nyenzo ambazo viwanda vya ndege vinazifahamu, halafu akili tuiweke kwenye mpangilio? Upinde wa mwindaji hauna bawaba. Unapinda kwa urefu wake wote, kila sehemu ikichukua kidogo, na kwa sababu hakuna sehemu inayobebeshwa zaidi ya uwezo wake, unaweza kuvutwa miaka na miaka. Flapu ya Kota inafuata kanuni hiyo. Ndani ya ngozi kuna mbavu nyembamba zilizopangwa kwa hesabu ya kompyuta, ili ukizisukuma mahali pachache kwa visukumizi vya kawaida, ngozi yote ichukue umbo unalolitaka. Mkunjo unagawanywa. Hakuna kiungio kinachosagika, hakuna mahali pa kupaka grisi, hakuna uwazi wa kuingiza mchanga.

Binafsi naona hiyo ndiyo hatua kubwa ya kisa hiki, na inapotea kila mara habari zinapoandikwa chini ya kichwa cha "nyenzo janja". Ujanja hauko kwenye kemia. Uko kwenye jiometri.

Kona ngumu: ncha za flapu

Kupinda katikati ya bawa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, tena iliyo ngumu, iko mwishoni. Flapu ina mwanzo na mwisho. Upande mmoja kuna bawa lisilosogea, upande wa pili vilevile. Flapu ikishuka digrii 30, pale mwishoni linafunguka pengo la pembetatu. Kwenye ndege za kawaida pengo hilo huachwa wazi. Hewa yenye shinikizo ya chini ya bawa hukimbilia juu kupitia ukingo huo ikijisokota, na msokoto huo hula nguvu na kupiga kelele.

FlexSys iliziba mapengo kwa vipande vya kuunganisha vinavyonyumbulika, vinavyotoka kwenye bawa lililonyooka hadi kwenye flapu iliyopinda bila kukatika. Hebu fikiria kazi ya kipande hicho: kinatakiwa kivutike, kisokoteke, kisivimbe na upepo, kivumilie baridi ya juu na jua la jangwani, kisha kirudi kama kilivyokuwa bila kuacha mkunjo. Kwenye picha za karibu unaona ngozi ikishuka kwa mteremko laini kutoka bawani, kiasi kwamba jicho linahangaika kutafuta flapu inaanzia wapi.

Kwa nini flapu zilifungwa

Nirudi kwenye uamuzi ule. Kabla ya kufika kwenye Gulfstream, wazo la Kota lilikuwa limetembea. Jeshi la anga lilianza kulifadhili mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2006 kielelezo cha bawa kilifungwa chini ya ndege ya White Knight na kurushwa Mojave. Kile kilikuwa kipande cha majaribio kilichoning'inia. Ndege ilikuwa na mabawa yake. ACTE ilikuwa hatua nyingine kabisa, kwa maana sasa marubani walikuwa wanategemea flapu hizo kurudi nyumbani.

Hesabu ya hatari inakwenda hivi. Flapu ya kushoto ikikwama digrii 5 na ya kulia ikafika digrii 25, ndege inabingirika. Ili kuzuia hilo angani unahitaji visukumizi, vihisio vya kupima umbo halisi la ngozi, kompyuta ya kulinganisha pande mbili, na namna ya kujinasua mojawapo ikishindwa. Kila kimoja kinahitaji majaribio yake. Ukizifunga flapu ardhini, maswali hayo yote yanaondoka, na linabaki moja: je, muundo wenyewe unastahimili? Mabawa ya ndege hiyo yalikuwa yamebandikwa vihisio vya kupima yanavyovutika chini ya mzigo, na kabla ya kuruka ndege ilinyanyuliwa juu ya mifuko mikubwa ya hewa ndani ya karakana, mabawa yakasukumwa ili wahandisi wajue usomaji gani unalingana na mzigo gani. Kisha wakaenda angani, pembe moja kwa safari moja, wakipanda ngazi kidogo kidogo.

Kwa mtazamo wangu walifanya sawa kabisa. F-111 ilijaribu kuthibitisha kila kitu kwa pamoja, na mwishowe haikujulikana kilichofanya isichukuliwe ni wazo lenyewe au ni uzito wa mitambo yake. ACTE ilitenganisha. Ilipotoka kwenye safari ya 22 swali la muundo lilikuwa limejibiwa: flapu isiyo na bawaba, yenye ukubwa kamili, kwenye ndege inayobeba watu, inastahimili mizigo ya kuruka hadi digrii 30. Hilo halikuwahi kuthibitishwa kabla.

Lakini kuna kilichoachwa mlangoni. Faida ya mafuta ya bawa la namna hii inatokana na kulibadilisha angani, kadiri uzito unavyopungua. Safari zilizofanywa kwa pembe moja haziwezi kupima faida hiyo hata ukiziongeza ziwe mia mbili.

Asilimia 12 ya kitu gani?

Ukisoma kuhusu teknolojia hii utakutana na takwimu ya kuokoa mafuta hadi asilimia 12. Inatoka kwa watengenezaji, na inahusu bawa lililosanifiwa upya tangu mwanzo kwa ajili ya flapu hizi. Kwa ndege iliyopo, inayobadilishiwa flapu tu, wao wenyewe wanataja kiasi pungufu ya hapo. NASA nayo, ilipofunga majaribio mwaka 2015, ilizungumzia mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka. Hayo ni makadirio ya wataalamu, na makadirio ya wataalamu si uongo. Tatizo ni pale yanaposimuliwa kana kwamba ndege iliruka, ikatua, wakapima tangi.

Kilichopimwa kwenye hewa kina somo lake. Wahandisi wa NASA walilinganisha data za kuruka na utabiri wa kompyuta. Kwa pembe ndogo za flapu utabiri ulikaribiana na ukweli. Kwa pembe kubwa, tofauti ikaongezeka. Msomaji mwepesi ataona hapo kasoro. Mimi naona habari njema iliyojificha, kwa sababu kuokoa mafuta katikati ya safari kunahitaji pembe ndogo, na huko ndiko zana za kukokotoa zinaaminika.

Kuna jambo jingine kuhusu pembe kubwa. Flapu za asili za Gulfstream III hazishuki tu. Huteleza nyuma kwanza, na kwa kufanya hivyo zinaongeza eneo la bawa. Flapu inayopinda mahali ilipo haiongezi eneo. Kwa kutua, hasa kwenye viwanja vyenye njia fupi ya kurukia, ile inayoteleza ina nguvu ambayo mkunjo peke yake hauwezi kuifikia kirahisi. Kwa hiyo sioni siku ambayo bawa la ndege ya abiria litaachana kabisa na reli na bawaba. Naona zaidi ukingo wa nyuma unaopinda, mwembamba, uliofungwa kwenye flapu ya kawaida: flapu ifanye kazi ya kutua, ukingo ufanye kazi ya safari.

Mshindani asiye na mbwembwe

ACTE ilipokuwa ikiruka, tayari kulikuwa na ndege za abiria zinazobadilisha mkunjo wa bawa angani. Boeing 787 inafanya hivyo, na Airbus A350 pia. Hazina ngozi inayopinda. Zinatumia flapu za kawaida, zenye bawaba, ambazo kompyuta inazisogeza juu au chini kwa sehemu ndogo za digrii wakati wa safari, kulingana na uzito, kasi na kimo. Abiria haoni kitu. Aliyetoka Nairobi kwenda New York au Dar es Salaam kwenda Mumbai kwa 787 amekaa juu ya bawa linalojirekebisha, na pengine alikuwa amelala.

Kwa kampuni ya Ann Arbor hii ni habari chungu. Sehemu ya faida waliyoahidi imeshavunwa na programu ya kompyuta pamoja na mota zilizokuwemo tayari. Kinachobaki kwa flapu inayopinda ni ziada: ulaini wa ngozi isiyo na mwanya, na uwezo wa kusokota, yaani kupinda tofauti kwa urefu wa bawa. Ziada hiyo ni ya kweli, lakini inapimwa dhidi ya gharama ya kupata cheti cha usalama kwa kitu ambacho hakuna mkaguzi aliyewahi kukikagua.

Hapo ndipo maswali ya karakana yanaingia, na mashirika ya ndege husikiliza karakana kuliko handaki la upepo, yaani maabara ya kupimia mabawa. Flapu ya alumini ikigongwa na jiwe lililorushwa na tairi, fundi anajua la kufanya: anapima shimo, anafungua kitabu, anaweka kiraka. Kiraka ni kigumu. Ukikibandika kwenye ngozi inayotakiwa kupinda kwa urefu wake wote, umeweka mahali pasipopinda, na mkunjo uliokuwa unagawanyika unarundikana pembeni ya kiraka, pale pale ambapo nyenzo itaanza kuchoka. Halafu kuna radi, barafu, mvua ya mawe, na miaka 25 ya kazi. Hakuna swali kati ya haya lisilojibika. Kila moja lina bili yake.

Kelele, biashara iliyojificha

Gulfstream ile haikustaafishwa baada ya safari 22. Kati ya 2016 na 2018 NASA iliitumia kwenye majaribio ya sauti, yakiongozwa kisayansi na Mehdi Khorrami wa kituo chake cha utafiti cha Langley. Kwenye ziwa kavu la Rogers, ndani ya eneo la Edwards, zilitandazwa maikrofoni 185. Ndege ikapita juu yake kwa kimo cha futi 350, kama mita 107, kana kwamba inakwenda kutua. Pamoja na flapu zisizo na mwanya, miguu ya magurudumu ilivikwa makasha yenye vitundu vidogo vya kupitishia hewa, na mdomo wa shimo la magurudumu ukawekewa wavu ili upepo usilie ndani yake kama kwenye shingo ya chupa. Matokeo yaliyotangazwa Juni 2018: kelele ya mwili wa ndege wakati wa kutua ilipungua kwa zaidi ya asilimia 70.

Takwimu hii nayo inataka msomaji aliye macho. Ni kelele ya mwili wa ndege. Injini zinabaki na kelele zake. Tena sauti haihesabiwi kama magunia: ukiondoa asilimia 70 ya nishati ya sauti, kipimo kinashuka kwa desibeli 5 hivi, na sikio la mtu huhitaji kushuka kwa desibeli kama 10 ndipo liseme kelele imekuwa nusu. Vilevile flapu zilikuwa mojawapo ya mabadiliko matatu, hivyo sifa zote si zake.

Pamoja na hayo, hii ni takwimu ya aina nyingine na ile ya mafuta, kwa sababu ilipimwa. Ndege ilipita, maikrofoni zikasikia. Na haikuhitaji flapu kusogea angani; ilihitaji tu zisiwe na ncha zilizo wazi.

Ina soko pia. Viwanja vya ndege vya Heathrow, Gatwick na Stansted vya London vinazipa ndege zinazotua usiku pointi kulingana na kelele zilizoandikwa kwenye vyeti vyake, na kila kiwanja kina jumla ya pointi isiyoruhusiwa kuzidishwa kwa msimu. Madaraja yamepangwa kwa hatua za desibeli 3, na kila hatua ya kupanda inaongeza pointi maradufu. Ndege iliyo karibu na mpaka wa daraja ikipunguza desibeli moja au mbili, kwa hesabu ya pointi shirika linaweza kupata nafasi mbili za kutua mahali pa moja. Meneja wa ratiba anajua thamani ya nafasi hiyo bila kumwuliza mtaalamu wa mabawa. Ningekuwa nauza flapu za Kota, ningemwendea yeye kwanza, nikiwa na karatasi ya maikrofoni 185 mkononi, na hadithi ya asilimia 12 ningeiacha kwenye mkoba mpaka ipatikane ndege ya kuipima.